Presha Kuka Kizimbani

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa choo, maana ndiyo sehemu pekee ya nyumba ambayo wapangaji wa vyumba vyote saba hupita kila siku, tena wakiwa na muda wa kusoma. Kalamu nyekundu, herufi kubwa: "KUANZIA LEO NI MARUFUKU PRESHA KUKA, JIKO LA UMEME NA VIFAA VYA NAMNA HIYO. ATAKAYEKAMATWA ATANUNUA UMEME WA NYUMBA NZIMA." Chini yake sahihi, na juu ya sahihi muhuri. Ni muhuri wa duka la pembejeo lililofungwa siku nyingi, lakini muhuri ni muhuri.

Hapa ni Ilomba, Mbeya, mwezi wa Juni. Asubuhi ukiongea unatoa moshi mdomoni kama lori la Tunduma.

Sasa jamani, nchi ilishasema. Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia: ikifika 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Mwezi huohuo akaenda Paris, akawa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa kupikia safi Afrika. Mkakati umetoka Dar es Salaam, umefika Ufaransa, umerudi salama, umekuja kukwama kwenye mlango wa choo cha Ilomba.

Kikao kikaitishwa Jumapili baada ya ibada. Baba mwenye nyumba kakaa kwenye stuli, koti la suti juu, bukta chini, kalkuleta mkononi. Mshtakiwa kawekwa katikati ya uwanja juu ya ndoo iliyopinduliwa: presha kuka ya lita sita, wati 1,000, mali ya mwalimu wa chumba namba tatu. Mwalimu naye kaja na kitenge chake na daftari. Watu wa daftari ni wa kuogopwa.

"Taa moja ni wati tisa," Baba akafungua kesi. "Hili dubwana ni wati elfu moja. Gawa. Mia moja na kumi na moja! Kumbe humu ndani kuna mtu anawasha taa mia moja na kumi na moja, halafu ananiamkia asubuhi, shikamoo baba, shikamoo baba!"

Minong'ono. Mama wa chumba cha kona akashika kiuno. Hesabu ilikuwa sahihi, hilo ndilo baya. Hesabu sahihi ikiwa mikononi mwa mtu mwenye hasira ni hatari kuliko ya uongo.

"Shikamoo baba," mwalimu akaanza, na huo tayari ulikuwa uchokozi. "Wati ni mwendo, siyo safari. Bajaji inaweza kukimbia kuliko basi, lakini basi ndilo linalofika Makambako." Kisha akaeleza, na hapa ningeomba wenye mamlaka ya kuandika matangazo chooni wasikilize.

Presha kuka haiwaki muda wote. Ukiwasha inavuta wati zake elfu moja kwa dakika 20 au 25 hivi, mpaka mvuke ujae na kile kipini cha juu kinyanyuke. Baada ya hapo inakata yenyewe, inawaka kidogo, inakata tena, kwa sababu ndani joto limefungiwa na pembeni kuna koti la kulitunza. Maharage kilo moja, tangu makavu mpaka yameiva, yanakula kama nusu uniti. Jiko la koili la wati hizohizo, na sufuria isiyofunikwa vizuri, linawaka mwanzo mwisho saa mbili na nusu. Hizo ni uniti mbili na nusu, na nusu ya joto imeenda kupasha dari.

Na Mbeya tuna kesi yetu ya pekee. Mji uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, maji yanachemka yakifika nyuzi 94 hivi, hayasubiri 100 kama ya Tanga. Ndiyo maana maharage hapa yanacheza ndani ya sufuria kutwa nzima, yanatoa povu, yanapiga kelele, ukibonyeza yanakuangalia. Kuongeza mkaa hakusaidii, maji yakishachemka hayapandi joto hata uyachochee na kitabu cha kodi. Ukifunga mvuke, joto linavuka 110, na harage linasalimu amri. Yaani kama kuna watu kifaa hiki kilitengenezwa kwa ajili yao, ni sisi wa nyanda za juu. Tumekipiga marufuku.

"Maneno," akasema Baba. "Tupime."

Ikaamuliwa majaribio ya hadharani. Vyumba vyote vizime kila kitu. Friji ya chumba namba moja ikachomolewa kwa masikitiko. Uniti zilizobaki kwenye mita: 41.7, zikaandikwa kwenye daftari, mashahidi wawili. Mwalimu akamwaga maharage kilo moja, akaweka maji, yote yasizidi nusu ya chungu. Hapa wengi ndipo wanapokosea. Maharage yanavimba na yanatoa povu, ukijaza mpaka juu, povu linapanda na maganda, linaziba tundu la mvuke, na siku hiyo utaijua dini yako. Kijiko kimoja cha mafuta kinatuliza povu. Akafunika, akazungusha kidude cha juu kwenye alama ya kufunga, akaweka dakika 50 kwa sababu hayakulowekwa. Yaliyolala majini usiku yanataka nusu ya hapo. Yale ya msimu wa juzi ongeza, yana roho ngumu.

Dakika kumi. Ishirini. Thelathini. Mvuke unatokea pembeni ya mfuniko, shiii, kipini hakinyanyuki. Baba akasimama kwenye stuli. "Mnaona! Inakula hewani! Umeme wangu unapaa kwa macho yenu!" Kijana wa bodaboda wa namba nne akashangilia, sijui alikuwa upande gani, nadhani alikuwa upande wa kelele.

Mwalimu akachomoa, akangoja, akafungua kwa utaratibu, akatoa ule mpira mweupe wa ndani ya mfuniko. Ganda moja la harage, la mapishi ya juzi, limekaa kwenye mfereji wa mpira kama mpangaji asiyelipa. Akaosha, akarudisha mpira, akauzungusha kwa kidole kuhakikisha haujapanda ukingo. Dakika kumi kipini kikanyanyuka. Kimya. Hakuna moshi, hakuna kelele, hakuna wa kupuliza. Watu walioandaa hasira ya saa moja wakakosa pa kuiweka.

Ikaisha. Harage likabonyezwa kwa vidole viwili, likawa uji. Mita: 40.9. Pointi nane ya uniti, na hapo imepoteza nusu saa kwa sababu ya ganda.

"Mita imelala," akasema Baba.

"Basi tuiamshe," akasema mwalimu, kwa sauti ileile ya shikamoo. "Baba, ndoo yako ya asubuhi ni lita ngapi?"

Aisee.

Maana kila mtu uwanjani anaijua ile ndoo. Lita 20, hita ya kutumbukiza, saa kumi na moja alfajiri, kila siku ya Mungu. Mwalimu akakokotoa kwa sauti, kama anawasomea darasa la sita: maji ya bomba la Mbeya mwezi huu tuseme nyuzi 15, kuoga kwa mzee nyuzi 60, tofauti 45. Lita 20 kwa nyuzi 45 ni uniti moja na kidogo. Ndoo moja ni kama kilo mbili za maharage, na zaidi kidogo. Mwezi mzima ni uniti thelathini na ushee. Na chumba cha mbele, cha Baba mwenyewe, hakichangii, kwa sababu mita ni yake.

"Ndoo ni afya," akasema Baba.

Hapo ndipo utani ulipoisha. Watu walianza kuongea wote kwa pamoja, na waliyoyasema, ukiondoa matusi mawili ya Kinyakyusa, ni haya.

Vyumba saba, kila mmoja anatoa 5,000 kwa mwezi, inakuwa 35,000. Manunuzi ya kwanza ya mwezi yanakatwa kwanza 1,500 ya kodi ya jengo. Jengo la nani? Lake. Anayekatwa nani? Ndaga fijo, yaani asante sana. Inabaki 33,500. Humo kuna VAT asilimia 18, REA ya umeme vijijini asilimia 3, EWURA wasimamizi wa nishati na maji asilimia 1. Kinachobaki gawa kwa shilingi 292, bei ya uniti ya kundi la kawaida, unapata uniti 94. Gawa kwa vyumba saba: uniti 13 na nusu kila mmoja.

Sasa shika roho. Kuna kundi la watumiaji wadogo, D1, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao uniti kwao ni shilingi 100. Ukijumlisha makato ni 122. Kundi hilo limewekwa kwa ajili ya mtu wa uniti 13 na nusu. Mtu huyo angekuwa na mita yake angelipa kama 1,650 kwa mwezi. Analipa 5,000 kwa sababu yeye na wenzake sita, na ndoo moja, wamehesabiwa kama mtu mmoja tajiri. Nafuu ya serikali imekuja mpaka ukutani ikaikuta mita moja, ikasema hapa pana mkubwa, ikageuza.

Kwa hiyo anayekula umeme siyo presha kuka. Ni ukuta. Lakini ukuta huwezi kuupiga marufuku, una mwenyewe.

"Basi kila mtu aweke mita yake," akasema kijana wa bodaboda, mtu ambaye hajawahi kujaza fomu. Kuunganishiwa mjini bila nguzo ni 320,960. Kabla ya hapo nyaya za chumba zitenganishwe na fundi mwenye leseni, na mwenye nyumba aridhie. Mwenye nyumba karidhia? "Mtanitobolea ukuta." Nyumba ina nyufa unaweza kumsalimia jirani, lakini tundu la waya ndilo litakaloiangusha. Zile mita ndogo za kufunga kila chumba zipo, na zinasaidia kujua nani kala ngapi, ugomvi unapungua. Ila zinagawa tu, bei haziwezi kuishusha, kwa sababu mita kubwa nje bado ni ile ile moja.

Tangazo halikutolewa. Lilirekebishwa kwa kalamu: "ISIPOKUWA MAHARAGE." Yaani wali ni kosa, maharage ruhusa. Makande, kikao kinasubiriwa.

Mambo mengine sitayagusa. Ile ya 2024, ya kubonyeza tarakimu 60 kwenye mita kabla ya tarehe 24 Novemba, kisa saa ya mita inahesabu dakika tangu mwaka 1993 na nafasi za kuhesabia zilikuwa zinajaa, nilishaisamehe. Ingawa kitufe cha 7 cha mita yetu hakijawahi kupona.

Na umeme wa saa moja jioni, nao uache. Ukishuka toka 230 mpaka 180, ile wati 1,000 inabaki kama 610, kwa sababu nguvu inashuka kwa mraba wa volti. Chungu kinachelewa, mtu anapita dirishani anasema "bado tu inakula?" Haijala zaidi, imekula taratibu kama mgonjwa. Kinachounguza nyumba muda huo ni ekstensheni za bei ya pipi, waya mwembamba kama uzi wa viatu, kumechomekwa chungu, pasi, redio na chaji nne. Soketi ikianza kunuka samaki, siyo mboga ya jirani. Chomeka chungu moja kwa moja ukutani, au nunua waya wa milimita za mraba 1.5 wenye plagi ya fyuzi.

Mpira wenyewe nao ni mtihani mwingine. Unachakaa, unalegea, na unashika harufu. Pika dagaa leo, wali wa kesho utakuwa na historia. Osha kwa ndimu, anika kivulini. Ukilegea nunua mwingine, na kabla ya kwenda sokoni Mwanjelwa chukua rula upime wa zamani kwa ndani, ukingo hadi ukingo. Vyungu vingi vya lita tano na sita ni sentimita 22. Pima, nakuomba, kwa sababu muuzaji atakuambia "zote zinaingia hizi." Haziingii. Utarudi naye atakuambia ni mfuniko wako umevimba. Mfuniko wa chuma, umevimba! Halafu anakuuzia mfuniko.