Git kabla ya mtandao: vijana wa Unguja na Pemba waanzie wapi?

Wanafunzi wengi wa kompyuta Zanzibar wanaijua GitHub, tovuti ya kuwekea na kushirikiana kazi, kabla ya kuijua Git, programu ya kwenye kompyuta yako inayotunza kila hatua ya mabadiliko ya faili zako. Wanafungua akaunti, wanapandisha faili kwa kubonyeza kitufe, halafu wanaambiwa kuwa tayari wanatumia mfumo wa kudhibiti matoleo, yaani wa kutunza historia ya kazi. Siku mtandao ukizima, kazi inasimama. Ndiyo maana swali la pa kuanzia lina uzito: anayeanza apewe Git yenyewe pamoja na ugumu wake, au aanze na kitu chepesi chenye seva moja, kama Subversion, au hata folda ya pamoja ya Google Drive? Mimi nasema apewe Git, tena bila mtandao kwanza. Lakini wanaoona vingine wana hoja nzito, na baadhi yake sina jibu la kuzifuta.

Subversion, iliyoanzishwa na CollabNet mwaka 2000, huweka historia yote kwenye seva. Kwenye laptopu yako linakuwepo toleo unalolifanyia kazi tu; ukitaka kuhifadhi badiliko, au kujua nani aligusa mstari fulani mwezi uliopita, lazima uifikie seva. Mwezi Aprili 2005 Linus Torvalds aliandika Git kwa ajili ya watengenezaji wa keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kuendesha kompyuta, baada ya wenye BitKeeper, programu waliyokuwa wakitunzia matoleo, kuondoa ruhusa ya kuitumia bure. Mercurial ya Matt Mackall ilianza wakati huohuo na kwa sababu hiyohiyo. Katika mifumo hii miwili kila mtu anabeba historia nzima. Ukikomiti, yaani ukiweka kumbukumbu ya hali ya faili zako pamoja na maneno machache ya kueleza ulichofanya, kumbukumbu hiyo inakaa kwenye diski yako mwenyewe. Mtandao unauhitaji wakati wa kubadilishana na wenzako tu.

Kwa watu wa visiwani hili si jambo dogo. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani kiasi cha miezi mitatu kwa hitilafu ya waya unaoleta umeme kutoka Bara kupitia chini ya bahari. Pemba wakati ule ilikuwa bado inaendesha jenereta zake, na baadaye mwaka 2010 ikaungwa na Tanga kwa waya wake yenyewe. Visiwa viwili, njia mbili za umeme. Timu iliyoweka kazi yote kwenye seva moja Mjini inamfungia mlango mwenzao wa Chake Chake siku Unguja inapopata hitilafu, hata kama kwake taa zinawaka. Mwenye nakala kamili anaendelea. Mei 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia, na tofauti ilikuwa ileile: anayetumia Git alikomiti, akafungua tawi (njia ya pembeni ya kujaribia kazi bila kugusa ile kuu), akasoma historia, akasubiri mtandao kwa kupeleka tu.

Hata kupeleka kunaweza kufanyika bila mtandao, na hapa ndipo naona tunapoteza fursa kubwa. Agizo «git bundle create kazi.bundle --all» linakusanya ripo nzima, yaani folda ya kazi inayotunzwa na Git, matawi na historia yake, katika faili moja. Iweke kwenye flashi, mpe anayepanda boti kutoka Mkoani. Akifika Mjini, mwenzako anaandika «git clone kazi.bundle» na anapata kila kitu. Safari ya pili mnaweza kupelekana mabadiliko mapya peke yake. Kwa kijana anayehesabu bando lake la wiki, hii ni njia ya kazi kabisa.

Sasa upande wa pili. Git ni ngumu kuanza, na anayesema si ngumu amesahau. Subversion inahesabu matoleo kwa namba: la 213, la 214. Git inaipa kila komiti jina la herufi na tarakimu 40 zisizo na maana kwa macho ya mtu. Kabla ya kukomiti kuna hatua ya kati, «git add», ambayo mwanafunzi haoni sababu yake mpaka siku anapotaka kuhifadhi sehemu tu ya alichobadilisha. Ujumbe wa makosa ni wa Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi. Mwalimu mwenye kipindi kimoja kwa wiki ana haki ya kuuliza kama muda huo usingetumika vizuri zaidi kufundisha programu zenyewe.

Kinachowatisha zaidi wanaoanza ni mgongano. Tuseme wawili wanaandika programu ya malipo ya karafuu, mmoja yuko Wete, mwengine Tunguu, na wote wamebadilisha mstari uleule wa bei ya kilo: mmoja kaandika 14000, mwengine 15000. Wakiunganisha kazi, Git inasimama. Ndani ya faili inaweka mishale saba inayotazama kushoto, chini yake bei ya kwanza, kisha alama saba za sawasawa, bei ya pili, na mishale saba inayotazama kulia. Anayeiona mara ya kwanza hudhani faili limeharibika. Halijaharibika. Kinachotakiwa ni kupigiana simu kukubaliana bei, kufuta alama na mstari usiotakiwa, kisha «git add» na «git commit». Wanaotumiana zipu kwa WhatsApp hawaoni mishale hiyo kwa sababu bei ya mmoja inafutika kimyakimya, na watakuja kuijua mkulima akishalipwa pungufu. Kwangu mimi ugumu huu ni sababu ya kuifundisha Git mapema, wakati makosa bado hayamgharimu mtu.

Hoja ambayo siwezi kuipinga ni ya faili zisizo maandishi matupu. Picha, video, ramani, hata ripoti ya Word: Git haiwezi kukuunganishia kazi za watu wawili ndani yake, na kila toleo linazidi kuinenepesha ripo ambayo mwenzako ataipakua kwa bando. Subversion inakuruhusu kufunga faili ili mwengine asiliguse mpaka umalize, na kwa kazi za aina hiyo huo ndio utaratibu unaofaa. Ofisi inayoandika barua na bajeti haihitaji Git. Nisingemshauri karani yeyote aianze.

Tatizo jengine tumelitengeneza wenyewe. Mfumo uliobuniwa usiwe na kitovu tumeurudisha kwenye kitovu kimoja. GitHub, iliyoanza 2008, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018, na Julai 2019 iliwazuia watumiaji wa Iran, Syria na Crimea kutumia baadhi ya huduma zake kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Waliokuwa na nakala kamili kwenye kompyuta zao walihamia kwengine na historia yao. Aliyekuwa akipandisha faili kwa kivinjari tu hakuwa na cha kuhama nacho.

Kwa hiyo somo la kwanza ningelifanya kwenye chumba kisicho na intaneti: «git init» ya kuanzisha ripo kwenye folda ya kazi aliyonayo mwanafunzi tayari, «git add», «git commit», «git log» ya kusoma historia, «git diff» ya kuona kilichobadilika, kwa wiki mbili tatu. Maelezo ya komiti ayaandike kwa Kiswahili. «Nimerekebisha hesabu ya punguzo» inamfaa mwenzake kuliko Kiingereza cha kuungaunga. Tawi na mgongano vifuate, wawiliwawili, kwa flashi. Mambo mawili yasemwe siku ya kwanza. Nywila ikishakomitiwa inabaki kwenye historia hata ukiifuta kesho, na ukiipandisha hadharani huna budi kuibadilisha. La pili, historia iliyo kwenye laptopu moja inaibiwa pamoja na laptopu, kwa hiyo nakala ya pili iwekwe kwenye flashi tangu wiki ya mwanzo. Akaunti ya GitHub ifunguliwe baada ya hapo.