Anayefungua banda la kuku naye ni mfugaji

Kila linapokuja suala la ujumuishi katika fani ya mifugo na tiba ya wanyama, mazungumzo yetu huishia kwenye hesabu moja: darasani wasichana ni wangapi. Mwaka huu wameongezeka, makofi, picha ya pamoja, tumemaliza. Sina ugomvi na hesabu hiyo, maana na mimi niliwahi kuwa mmoja wa wasichana hao. Ila kwa muda niliofanya kazi ya mifugo vijijini Singida nimeona tunaanza kuhesabu tumeshachelewa. Ubaguzi katika kazi yetu huanzia kwa mnyama. Tuna wanyama wa heshima na wanyama wa jikoni, na mfugaji naye hupimwa kwa mnyama wake.

Ng'ombe ndiye mwenye heshima. Ana josho, ana mnada, ana hereni sikioni. Akiugua usiku, simu yangu inaita usiku huohuo. Kuku akianza kuhara kijani na kupinda shingo, anachinjwa haraka kabla hajafa, kesho yake banda ni tupu, watu wanasema ugonjwa umepita, basi. Na hapa ni Singida, mkoa ambao kuku wake wa kienyeji wanasafiri kwenye matenga hadi Dar es Salaam na walaji wanawaulizia kwa jina. Kuku hao ndio sare za shule, ndio daftari, ndio nauli ya kumpeleka mtoto hospitali. Kwa nyumba nyingi nilizoingia, wenyewe ni akina mama na watoto.

Ugonjwa ninaousema ni kideri, wengine mnauita mdondo. Chanjo yake tunayo, tena ilitengenezwa kwa kumfikiria mtu asiye na friji. Mbegu ya virusi inayotumika, I-2, ilitoka kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na huvumilia joto kuliko chanjo za zamani. Hapa nchini huzalishwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari. Haimaanishi uiache juani juu ya tenki la pikipiki, lakini safari ya kijijini ukiwa umeifunga kwenye kitambaa chenye maji haiiui. Tone moja, jicho moja, kila baada ya miezi 3.

Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo, kuku wa kienyeji akishafunguliwa asubuhi humpati tena mpaka magharibi, kwa hiyo lazima uwepo bandani saa 12 alfajiri, kabla mlango haujafunguliwa. Mmoja anamshika, mbawa zimekutana, kichwa kimelazwa ubavu. Mwingine anageuza chupa wima, mdomo chini, ili matone yawe sawasawa. Tone likidondoka humwachii: unasubiri apepese jicho, liingie. Akitikisa kichwa kabla hajapepesa, unarudia. Halafu kuna maumivu mengine ya kichwa: chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na ukishaifungua hairudi kesho kutwa. Mama mwenye kuku 15 hawezi kuimaliza peke yake. Inabidi nyumba kadhaa ziungane, zichange, na zikubaliane siku.

Sasa mtu wa kuziunganisha nyumba hizo ni nani? Ni yule anayejua nani ana kuku wangapi, nani hasemezani na nani, na anayeweza kubisha hodi alfajiri kwenye ua wa mtu bila kuzua maneno. Mimi na sare yangu siwezi. Jirani anaweza, mama wa kikoba anaweza. Lakini tangazo letu la chanjo hupitia kwa mwenyekiti wa kitongoji, mkutano ni saa 4 asubuhi karibu na ofisi ya kijiji, na wanaofika ni wenye ng'ombe. Wenye kuku wako kisimani, shambani au mnadani wanauza vitumbua.

Juni 2025, Rais Samia alipozindua kule Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, kuku wa asili waliingizwa, na chanjo yao ikatangazwa kuwa bure, wakati wenye ng'ombe na mbuzi wanachangia sehemu ya gharama. Nilifurahi, sifichi. Kwa mara ya kwanza niliona kuku anatajwa kwenye jukwaa moja na ng'ombe bila watu kucheka. Ila bure haimfikii mtu ambaye hatujui yuko wapi saa ngapi.

Punda ana kisa chake. Kenya ilipofungua machinjio ya punda kuanzia mwaka 2016, yalifika manne, ngozi zikienda China kutengenezewa dawa ya asili. Bei ikapanda, wezi wakaingia kazini. Katika jamii nyingi za wafugaji, Wamaasai wakiwemo, punda ni mnyama wa wanawake, ndiye anayebeba maji. Punda akiibiwa, dumu linahamia mgongoni. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2020, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuisimamisha barani kote kwa miaka 15. Tulipokuwa tunalihesabu kuwa suala la ngozi na fedha za kigeni, kina mama wa umasaini walikuwa wanalijua ni suala la maji. Wangeulizwa mapema tusingefika huko.

Wapo watakaosema hii ni siasa, na tiba ni tiba, ng'ombe hajui jinsia ya anayemtibu. Niliwahi kuitwa kwa ng'ombe wa maziwa aliyekataa kula. Mzee wa nyumba alinieleza yote: alinunuliwa mnada gani, kwa bei gani, amezaa mara ngapi. Nikapima joto, liko juu. Nikamuuliza, "Mzee wangu, anayemkamua nani?" Akamwita mkewe, ambaye muda wote alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Titi la nyuma, la kushoto, limekuwa gumu tangu juzi jioni. Ndama akiligusa anapigwa teke. Na maziwa yake yanatoka na mabonge, kama mtindi uliokatika."

Ugonjwa wa kiwele, umeelezwa vizuri kuliko nilivyoelezwa mimi darasani. Nisingemuuliza, ningemchoma OTC, ile sindano ya kawaida ya antibiotiki, kwa ajili ya lile joto, ningepokea pesa yangu nikaondoka, na titi lingekufa. Tena kuna la pili. Ukitoa dawa ya kiwele, maziwa ya siku kadhaa hayanywewi wala hayauzwi. Maelekezo hayo kwa kawaida tunampa anayelipa. Anayeshika ndoo hayasikii, au anayasikia nusu, na maziwa yenye dawa yanakwenda kwa watoto na kwa wateja wa mtaani. Kwa hiyo mtu akiniambia ujumuishi ni mambo ya semina, namuuliza maziwa ya siku ya dawa kwake humwagwa na nani.

Nije kwa sisi wenyewe tunaofanya kazi hii. Swali ambalo kila mwanamke wa mifugo ameulizwa, mara nyingi na watu wema kabisa, ni hili: binti, ng'ombe utamweza? Jibu langu ni kwamba fahali wa kilo 400 hakuna anayemweza. Wanaume watano waliomning'inia mkiani hawamwezi pia, wanamchosha tu na wao wanachoka. Anayejua kazi huchukua kamba moja ndefu: kitanzi cha shingoni, mzunguko mmoja nyuma ya miguu ya mbele, mwingine kabla ya mapaja, halafu unavuta kwa nyuma bila haraka. Ng'ombe anakunja magoti, analala mwenyewe. Nimefanya hivyo mbele ya vijana waliokuwa wanasubiri kucheka, wakaomba nirudie.

Hapa ndipo ninaposhikilia sana. Mahali kazi ya mifugo inapofanywa kwa ubavu, wawili wanaumia: mtu asiye na ubavu, ambaye anatolewa kazini, na mnyama, ambaye anapigwa fimbo za mgongo na kuvunjwa mkia. Kibanio kizuri cha mbao cha kumtuliza ng'ombe, chenye njia nyembamba na mlango unaofunga, kinamruhusu mwanamke mfupi, mzee wa miaka 70 na kijana mwenye mguu mmoja kuchanja ng'ombe mia asubuhi moja bila fimbo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008. Vibanio hatuna. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua kati ya warsha moja ya jinsia na mbao za vibanio viwili, ningechukua mbao, na warsha nisingeikumbuka.

Wamarekani walifundishwa jambo hili na mtu ambaye hawakumtaka. Temple Grandin, mtaalamu wa tabia za mifugo, ana usonji, na miaka ya 1970, alipoanza kuzungukia mazizi makubwa ya Arizona, kuna mahali alizuiwa kuingia kwa sababu ni mwanamke. Aliyoyaona wengine hawakuyaona kwa sababu aliingia mwenyewe kwenye njia za ng'ombe, akainama kimo chao. Mnyororo unaoning'inia, kivuli sakafuni, koti lililotundikwa kwenye uzio: hivyo ndivyo vilivyokuwa vinawafanya ng'ombe wagome, na watu wakawa wanawachoma kwa umeme wasonge mbele. Leo michoro yake ya njia na vibanio inatumika sana Amerika Kaskazini. Mimi chuoni sikusoma na mwenye ulemavu hata mmoja.

Kwetu Afrika Mashariki tuna Wangari Maathai, ambaye wengi wanamjua kwa miti na wachache wanajua alikuwa mtu wa veterinari. Mwaka 1966 alirudi kutoka Marekani akiwa ameahidiwa kazi ya zoolojia chuoni Nairobi, akakuta nafasi kapewa mwingine. Akapokelewa kwenye anatomia ya veterinari. Mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu, wa kwanza kati ya wanawake wa Afrika Mashariki na Kati, na baadaye akaiongoza idara hiyo. Humohumo chuoni ilibidi apiganie marupurupu ya wanawake walimu yalingane na ya wenzao wanaume. Alikuwa akikusanya kupe mashambani kwa utafiti wa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, ndipo akaona ng'ombe wamekonda mbavu nje na mito inapita na udongo. Kupe ndiye aliyempeleka kwenye miti. Veterinari ingemfungia mlango kama zoolojia ilivyomfungia, sijui nani angekwenda kuzitazama zile mbavu.

Vikwazo vya leo si vya barua za kazi kupokonywa, ni vya mambo madogo ambayo hayapandi kwenye hotuba. Afisa mifugo mjamzito anapewa dozi za homoni za kuleta joto kwa ng'ombe, yaani kumfanya atake dume, zile za prostaglandini, ambazo zikigusa ngozi yake zinaweza kumharibia mimba, na hakuna utaratibu wa kumpa mwenzake. Anatoa kondo la nyuma la ng'ombe aliyetupa mimba bila glovu ndefu, kwenye eneo lenye brusela, ugonjwa unaotupisha ng'ombe mimba na kuambukiza watu. Akikataa anaambiwa mvivu. Wanaume pia wanaambukizwa brusela, kwa hiyo glovu si upendeleo.

Nimalizie na walio nje ya vyeti kabisa. Ushindi mkubwa kuliko wote katika historia ya tiba ya wanyama ni sotoka, ugonjwa ulioua ng'ombe wa Wamaasai karibu wote miaka ya 1890 na ukaja na njaa yake. Ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Chanjo ilitoka Muguga, Kenya, kwa mtafiti Walter Plowright, na baadaye ikaboreshwa ivumilie joto. Lakini baadhi ya vituo vya mwisho vya ugonjwa, kama Karamoja kule Uganda, Sudan Kusini na Afar kule Ethiopia, havikufikiwa na magari ya serikali. Vilifikiwa na wafugaji wenyewe, waliofundishwa kuchanja, wengine hawajui kusoma. Walijua ng'ombe wako wapi na walikubaliwa kuingia. Mwaka huohuo wa 2011 Kenya ikapitisha sheria mpya ya veterinari ambayo haikuwapa wahudumu hao nafasi yoyote. Naielewa hofu ya wenzangu: vishoka wapo, wanauza dawa zilizoisha muda na kuchoma sindano ovyo, nami nimesafisha uchafu wao. Ila kishoka anastawi mahali ambapo mtaalamu hafiki. Umfukuze mfugaji aliyefundishwa, nafasi yake itajazwa na mwenye begi la dawa za magendo.

Kwenye daftari langu la kazi nimeongeza safu moja, baada ya jina la mkuu wa kaya: anayemhudumia mnyama ni nani, na simu yake. Siku hizi napigiwa mapema zaidi, tena na watu ambao zamani sauti zao sikuzijua. Safu hiyo haina gharama, halmashauri inaweza kuiweka kesho kwenye fomu zake. Chenye gharama ni akina mama wanaozunguka na chupa ya kideri alfajiri. Hao tunawaita wa kujitolea, wakati anayechanja ng'ombe wa mkutano wa saa 4 anasainiwa posho. Walipwe kwa kila kuku, na malipo yao yawe kwenye bajeti ya kampeni, si kwenye huruma ya mwenyekiti wa kijiji.