Dogo anajidukua mwenyewe chumbani: tumzuie au tumwache?

Dada yangu alinipigia simu saa nne usiku, sauti ya chini kabisa kama yuko msibani. "Kaka, kesho uje umwone mpwa wako, naona humu ndani kuna mtu anafundishwa wizi." Alikuwa amempelekea dogo chai chumbani akakuta skrini nyeusi, picha ya joka nyuma yake, maandishi yanakimbia, na dogo kanyoosha mikono juu peke yake anasema nimeingia, nimeingia. Ukiwa mama wa Dar na simu yako kila wiki inaingia zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", utawaza nini kingine?

Nikaenda. Shikamoo mjomba, marahaba, haya washa hiyo mashine tuone umeingia wapi. Kumbe alikuwa ameingia kwenye laptopu yake mwenyewe. HP ya mtumba ya Kariakoo, betri imekufa zamani, RAM GB 8, kaweka VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, na ndani yake kuna kompyuta pepe mbili, moja Kali Linux, ile ya wapenyaji wa mifumo, na zana zake zote, nyingine Metasploitable 2, ile mashine iliyotengenezwa mbovu makusudi ili watu wajifunzie kuipiga. Moja inaipiga nyingine, zote zinagombania RAM ya boksi moja, feni inalia kama bajaji inapanda mlima. Hakuna benki, hakuna jirani, hakuna mtu aliyeguswa. Nikamwambia dada huyu anajiibia mwenyewe, tena akimaliza anajirudishia. Hakucheka.

Ila dada si ndiye aliyenishinda. Aliyenishinda ni rafiki yangu mmoja ambaye kupenya mifumo kwa ruhusa ndiyo kazi inayomlisha. Nilimsimulia nikidhani atafurahi, akaniambia huyo dogo anapiga maiti halafu anashangilia ushindi. Metasploitable 2 imetoka 2012, chini yake kuna Linux ya Ubuntu 8.04, yaani ya Aprili 2008, dogo hata chekechea alikuwa hajaanza. Ukiiskani unakuta poti, yaani milango ya kupitia mtandaoni, zaidi ya ishirini ziko wazi, na kazini ukikutana na seva ya hivyo kitu cha kwanza unampigia mwenye seva kumuuliza kama ni mzima. Halafu haina watu. Humo hakuna mhasibu wa kufungua kiambatisho cha ajabu, hakuna fundi wa zamu anayekuona akakukatia, hakuna mfumo unaohudumia wateja ambao ukiukosea kidogo ukaanguka, msala ni wako.

Na wizi wa kwetu, akaendelea, unapita mdomoni, mtu anapigiwa simu anaulizwa namba ya siri anaitaja, au laini yake inasajiliwa upya na mtu mwingine, sasa hapo Kali ya dogo inasaidia nini? Hata eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, Julai 2023 ililemewa na mafuriko ya maombi kutoka nje, hakuna aliyehitaji kuvunja mlango. Akamalizia na ripoti. Mtihani wa OSCP, ule wa wapenyaji wa mifumo ambao watu wa fani wanauheshimu, unakupa saa 23 na dakika 45 za kupiga mashine, halafu saa 24 nyingine za kuandika ulichofanya, na ukiandika ovyo unafeli hata kama uliingia kote. Dogo anaandika wapi? Anapiga kelele nimeingia, basi.

Nilikaa na hayo maneno siku mbili tatu maana ukiyachukua moja moja yote ni kweli. Kilichokuwa kinanikwaza nikaja kukiona baadaye, ni kwamba rafiki yangu muda wote alikuwa amekaa kwenye kiti cha anayepiga, kwa sababu ndicho kiti anacholipiwa. Kutoka hapo maabara ya nyumbani ni kichekesho kweli. Sasa hama kiti.

Chukua hilohilo lililomfanya dogo anyooshe mikono. Kwenye Metasploitable 2 kuna seva ya mafaili inaitwa vsftpd, toleo 2.3.4. Mwanzoni mwa Julai 2011 iligundulika kwamba kifurushi cha toleo hilo, kilichokuwa kwenye tovuti yenyewe ya mradi, kilikuwa kimechezewa na mtu asiyejulikana, kachomeka mistari michache tu: jina la mtumiaji likiwa na alama ya tabasamu, zile nukta mbili na mabano, seva inafungua poti 6200 na yeyote atakayeunganisha hapo anakuwa root, bosi wa mashine nzima, bila kuulizwa neno la siri. Tabasamu! Metasploit, zana ya Kali yenye mashambulizi yaliyokwisha andaliwa, inalifanya hilo kwa amri chache, sekunde kumi umeingia, na hapo ndipo wengi wanapiga picha ya skrini, wanaposti, wanahamia mashine nyingine. Ukiishia hapo rafiki yangu kashinda kesi, umejifunza kubonyeza.

Nikamwambia dogo rudisha snapshoti, ile nakala ya hali ya mashine, irudi ilivyokuwa asubuhi, na safari hii Metasploit usiiguse. Tukapanga madirisha mawili, kushoto anayepiga, kulia anayepigwa. Kulia akaandika netstat, amri ya kuonyesha poti zilizo wazi, zikajipanga, 6200 haimo. Kushoto akaunganisha kwa mkono kwenye poti 21, akaweka jina la kubuni na tabasamu mwishoni, neno la siri lolote, dirisha likaganda. Kulia netstat tena: 6200 hiyo hapo, imekaa inasubiri mgeni. Mara ya kwanza alipoingia alipiga kelele, mara hii alinyamaza, akasogeza kiti, akauliza, "Mjomba, sasa huyu mwenye seva angejuaje?"

Hilo swali ndilo ninalolitetea hapa. Kwenye seva ya mtu, hata ukiwa na barua ya ruhusa mkononi, unaona upande mmoja wa waya, hujawahi kukaa ndani ya anayepigwa kabla hajapigwa. Chumbani dogo ana pande zote mbili na ana snapshoti, kwa hiyo tukalifukuza swali lake jioni nzima. Akafungua Wireshark, programu ya kuchungulia kinachopita mtandaoni, akaliona tabasamu linapita kwenye waya waziwazi kama kadi ya harusi, maana FTP, lugha ya seva hiyo ya mafaili, haifichi kitu. Akaweka fayawoli ya kuzuia 6200, akajaribu tena, kushoto kukagoma, akaruka ruka kwamba ameziba. Nikamwambia angalia kulia. Kila akitabasamu poti bado inafunguka, kilichobadilika ni kwamba mtu wa nje haifikii. Amefunika, hajaziba. Kuna watu wana vyeti ukutani hiyo tofauti wanaijua kwa kuisoma tu, huyu aliiona inatokea mbele yake, na aliyeisababisha ni yeye.

Mtasema hiyo ya 2011 imezeeka. Haya, njoo Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa kwenye vipimo vyake vya kasi kwenye mashine yenye Linux ya Debian ya majaribio, akaona kuingia kwa ssh, njia ya kuingia kwenye mashine kwa mbali, kunachelewa, kama nusu sekunde zaidi ya ilivyozoeleka, na prosesa inaliwa bila sababu. Akafuatilia uzi mpaka kwenye xz Utils, programu ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, akakuta mlango wa siri umechomekwa ndani ya vifurushi vinavyosambazwa, na aliyeuchomeka alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujijengea jina kwenye mradi huo kama mchangiaji mwema. Ulikuwa bado uko kwenye matoleo ya majaribio, haujafika kwenye zile Linux tulivu ambazo seva nyingi za dunia zinaendeshwa nazo. Ni mchezo uleule wa tabasamu, kuchezea kodi pale inapotoka, ila umesukwa kwa ustadi mara mia.

Na ulinaswa na nini? Nusu sekunde. Mimi hiyo nusu sekunde hainitoki kichwani. Hakuna king'ora kilicholia, hakuna skana ya bei mbaya iliyotoa taarifa, kulikuwa na mtu anayejua mashine yake ikiwa nzima inapumuaje, akasikia imepumua vibaya. Sasa huo uzoefu mtu anaupata wapi kama hajawahi kuwa na mashine ya kwake, akaitazama ikiwa nzima, akaiumiza, akaitazama tena? Kazini hupewi seva ya watu uitazame tu siku tatu kujifunza utulivu wake. Chuoni maabara ina ratiba yake, na kompyuta si ya kwako peke yako. Narudi kulekule, mashine mbovu ya 2012 inafaa kwa sababu ni mbovu kwa njia zinazojulikana, ukiitazama unajua unatafuta nini mpaka jicho lizoee.

Hofu ya dada, kwa upande mwingine, naiheshimu kuliko kejeli za rafiki yangu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 4, kuingia kwenye mfumo usio na ruhusa nao ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya ulichofaidika, au jela isiyopungua mwaka mmoja, au vyote. Kenya kwa sheria yao ya 2018 faini inafika milioni 5 za kwao au miaka mitatu ndani. Kifungu cha 10 cha kwetu kinagusa hata kumiliki kinyume cha sheria programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kutenda kosa, wakati Wakenya wameandika kabisa kwamba mafunzo, majaribio na ulinzi vilivyoidhinishwa havimo kwenye kosa hilo. Ningependa na sisi tuwe na mstari kama huo, mama angelala.

Lakini zipime pande zote mbili. Kijana wa miaka kumi na tisa mwenye hamu ya namna hii atajaribu mahali. Ukimnyang'anya mashine yake, iliyobaki karibu naye ni waifai ya mpangaji mwenzenu au mfumo wa matokeo wa chuo. Chumbani ndipo mahali pekee ambapo mwenye mlango na anayeubomoa ni mtu mmoja, kwa hiyo ruhusa ipo. Kwamba wapo watakaotoka maabara na kiburi wakaenda kugusa vya watu, ndiyo, wapo, na dawa yake ni mkubwa wa kukaa naye na kumsomea hicho kifungu cha 4 kabla hajaskani chochote.

Na mkubwa anahitajika kweli, maana nilikuta kosa ambalo lingempa rafiki yangu kicheko cha mwezi. Metasploitable ya dogo ilikuwa kwenye setingi ya briji, ile inayoiunganisha moja kwa moja na mtandao wa nyumba, imechukua anwani kutoka kwenye ruta ya nyumba kama kompyuta halali. Nyumba ile ina wapangaji watatu na waifai ni moja. Yaani mashine mbovu makusudi, root bila neno la siri, imekaa mtandao mmoja na simu ya mama yake yenye salio la miamala, na watengenezaji wenyewe wameonya isiwekwe kwenye mtandao usiouamini. Tukaihamishia Host-only, setingi ya mtandao wa ndani ya laptopu tu, ikachukua anwani ya 192.168.56, ikawa inaonana na laptopu na ile Kali basi. Dakika mbili. Angekuwa peke yake angekaa hivyo hata mwaka.

Gharama sitaki kuzidanganya, Kali peke yake inakula bando kama GB 4 kuishusha, na mwenye laptopu ya RAM GB 4 atateseka, huyo bora aanzie kwenye tovuti za mazoezi, TryHackMe au Hack The Box, ambako mashine za kupiga zinakaa kwa wenyewe. Si dhambi. Atakosa kile kiti cha kulia, ila ataanza.

La ripoti nilimpa rafiki yangu ushindi wake, nikamnunulia dogo kaunta buku. Kila amri na saa yake, kushoto kulionekana nini, kulia kulionekana nini, na ungemwambia nini mwenye seva asiyejua kompyuta. Jumapili nimepita nikakuta kurasa kumi na kitu zimejaa. Siku nne nzima amezimalizia kwenye 6200, safari hii hakufunika, ameitoa vsftpd yenyewe, anajisifu mashine sasa haiingiliki. Nikamwambia fungua ukurasa wa kwanza kabisa, skani ya siku ile ya kwanza, nisomee mstari wa 1524. Akasoma taratibu: bindshell, Metasploitable root shell. Hiyo haitaki tabasamu wala jina, unaunganisha tu tayari wewe ni root, na ilikuwa imekaa hapo kwa mwandiko wake mwenyewe muda wote huo. Akaniangalia. Akaipigia mstari kwa kalamu nyekundu, akavuta kiti, akawasha mashine mbili, umeme ukakatika.