Sampuli Leo, Chanjo Lini?

Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipoupitisha Mkataba wa Majanga, yaani wa kukabili magonjwa yanayoenea duniani kote, mjini Geneva tarehe 20 Mei 2025, jambo gumu kuliko yote lilibaki bila kumalizwa. Kifungu cha 12, kinachoeleza jinsi nchi zitakavyotoa sampuli za vimelea vipya vya magonjwa na jinsi zitakavyogawiwa chanjo na dawa zitakazotokana na sampuli hizo, kiliachiwa kiambatisho cha kujadiliwa baadaye, na pasipo kiambatisho hicho mkataba hauwezi hata kufunguliwa utiwe saini. Nchi za Afrika zimeshikilia kwamba mambo hayo mawili yafungwe kwa fundo moja: anayepokea sampuli awe amekwisha kujifunga kutoa chanjo. Wapo wanaouona msimamo huu kuwa ni kuiteka dunia wakati wa msiba, na nimewasikia hata wasomi wetu hapa Mombasa wakiurudia mtazamo huo.

Upande wa pili una hoja za kweli. Wanasayansi wa China walipotoa hadharani mpangilio wa vinasaba vya virusi vya korona Januari 2020, hawakumdai mtu chochote, na kufikia tarehe 16 Machi mwaka huohuo mtu wa kwanza nchini Marekani alikuwa amedungwa chanjo ya majaribio. Watengenezaji wanahofia kwamba masharti yataipunguza kasi hiyo, na kila wiki inayopotea ina hesabu yake ya maiti. Aidha, Marekani ilitoa mabilioni ya dola kabla haijajua kama chanjo yoyote ingefanya kazi, na si rahisi kumwambia mlipa kodi aliyeibeba hatari hiyo kwamba asubiri zamu yake. Serikali huchaguliwa na watu wake, na kwa kiasi fulani haina budi kuwatanguliza.

Hoja ya tatu ndiyo inayorudiwa zaidi, nayo ndiyo iliyonifanya niandike: kwamba Afrika ilipelekewa chanjo za korona ikaziacha zikaharibika, kwa hiyo kilio cha mgao ni cha bure. Mfano unaotolewa ni Malawi, ambayo Mei 2021 ilizichoma moto dozi 19,610 za AstraZeneca mbele ya kamera. Kinachosahauliwa ni kwamba dozi hizo zilikuwa sehemu ya shehena ya dozi 102,000 zilizofika tarehe 26 Machi zikiwa zimebakisha siku 18 tu kabla ya muda wake wa matumizi kwisha. Siku 18! Ndani ya siku hizo ilibidi chanjo zipokewe, zikaguliwe, zipelekwe wilayani zikiwa kwenye ubaridi, wananchi watangaziwe, wahudumu wapangwe, na watu wadungwe mmoja mmoja. Malawi, moja ya nchi maskini kabisa duniani, ilizitumia dozi nne katika kila tano. Lau picha iliyosambaa ingekuwa ya wauguzi waliofanya kazi hiyo badala ya ile ya moto, tungekuwa na mjadala tofauti.

Malawi haikuwa peke yake. Mwishoni mwa Novemba 2021 Umoja wa Afrika na wasimamizi wa COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, walilazimika kutoa tamko la pamoja wakiomba kwamba dozi za msaada zifike zikiwa na angalau wiki 10 za kutumika, na kwamba nchi inayopokea ijulishwe wiki 4 kabla. Mtu haombi kitu kama hicho ila amechoka kupokea masalia.

Kusitasita kuchanjwa kulikuwepo, na anayekana hakuwa hapa. Uvumi kwamba chanjo inaharibu uzazi ulienea kuanzia Likoni hadi Kisauni. Hata hivyo tukumbuke mpangilio wa mambo ulivyokuwa. Kenya ilipokea dozi zake za kwanza, takriban milioni 1.02, mapema Machi 2021, na zilikuwa zimetengenezwa na Serum Institute ya Pune, India. Mwezi huohuo India ilizuia chanjo kuuzwa nje ili ijiokoe kwanza, na COVAX, iliyokuwa imeitegemea mno taasisi hiyo, ikabaki haina cha kutoa. Katika kituo kimoja cha afya hapa kisiwani wazee waliokwisha kudungwa mara ya kwanza walikuja na kadi zao mkononi wakiulizia dozi ya pili, wakaambiwa warudi wiki ijayo, kisha wiki nyingine. Mzee aliyerudishwa nyumbani namna hiyo huwaeleza majirani, na uvumi hupata nafasi palepale ambapo huduma imekatika. Mtu akija miezi kadhaa baadaye, wimbi likiwa limepita, kupima kiu ya watu wa Mombasa kwa chanjo, anachopima hasa ni matokeo ya kucheleweshwa kwao.

Lipo pia suala la nani alichangia nini, ambalo kwa watu wa Pwani halihitaji kuelezwa kwa mbali. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, kituo cha utafiti wa afya pale Kilifi, walisoma vinasaba vya virusi vilivyopatikana katika kaunti za Pwani na kuviweka hadharani. Na ni hapohapo Kilifi ambapo wakazi walijitolea kuanzia Oktoba 2020 kufanyiwa majaribio ya chanjo ya Oxford na AstraZeneca. Afrika Kusini nayo iliwatoa watu wake kwa majaribio ya chanjo hiyohiyo. Ilipokwenda kuinunua Januari 2021 iliuziwa kwa dola 5.25 kwa dozi, zaidi ya mara mbili ya bei ya Umoja wa Ulaya. Sababu iliyotolewa ni kwamba mataifa tajiri yaliwekeza katika utafiti. Mwili wa mtu aliyejitolea haukuhesabiwa kuwa uwekezaji. Kisha, wanasayansi wa Afrika Kusini walipoiripoti aina mpya ya virusi vya korona, Omicron, kwa Shirika la Afya Duniani tarehe 24 Novemba mwaka huo, bila kuweka sharti lolote, malipo yao ndani ya siku chache yalikuwa ni safari za ndege kufungwa.

Kwa hiyo fundo linalodaiwa lina historia. Indonesia ilikataa kutoa sampuli za homa ya mafua ya ndege mwaka 2007 kwa sababu chanjo zilizotokana nazo zingeuzwa kwa bei ambayo isingeimudu. Ilishutumiwa vikali, lakini mzozo huo ulizaa utaratibu wa mwaka 2011 wa Shirika la Afya Duniani ambapo makampuni ya chanjo za mafua huweka mikataba ya mgao mapema, kabla ya janga. Sampuli za mafua zimeendelea kutumwa. Hofu ya kupunguza kasi inajibika hapo: masharti yakikubaliwa wakati wa utulivu, hakuna wa kujadiliana naye siku ya mlipuko.

Na kinachodaiwa chenyewe ni kidogo. Mkataba unalenga asilimia 20 ya chanjo zinazotoka viwandani kwa watengenezaji watakaoshiriki, angalau nusu yake ikitolewa bure na iliyobaki kwa bei nafuu. Afrika peke yake ina takriban asilimia 19 ya watu wote duniani, na fungu hilo litagawanywa pia na Bangladesh, Nepal, Haiti na wengine wengi. Asilimia 80 inabaki kwa wenye uwezo wa kulipa.

Udhaifu mkubwa wa upande wetu hauko Geneva. Serikali za Afrika ziliahidi mjini Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nyingi hazijafika huko. Kiwanda cha Aspen cha Gqeberha, Afrika Kusini, kilipopata leseni ya kutengeneza chanjo ya Johnson & Johnson kwa jina lake mwaka 2022, hakikupata oda hata moja, na wanunuzi waliokaa kimya ni pamoja na majirani zake. Anayedai haki ya mgao anapaswa pia kununua kinachotengenezwa nyumbani, hata kikiwa ghali kidogo.

Hata hivyo mpox, yaani homa ya nyani, imeonyesha kwamba asilimia bila muda haitoshi. Chanjo yake ilikuwepo, na Ulaya na Marekani ziliitumia mwaka 2022. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako ugonjwa huo umejulikana kwa binadamu tangu mwaka 1970, ilipokea shehena yake ya kwanza Septemba 2024. Kufikia wakati huo dereva wa lori alikuwa amekwisha kugunduliwa na ugonjwa huo Taveta, mpakani na Tanzania, na barabara inayotoka bandari ya Kilindini kuelekea Malaba, Kampala na Kigali haisimami usiku wala mchana. Wajumbe wa Kenya wakishindwa kupata kingine chochote katika kiambatisho hicho, waipiganie idadi ya wiki: ndani ya wiki ngapi tangu dozi ya kwanza kutoka kiwandani fungu hilo litasafirishwa, na litakuwa limebakisha wiki ngapi za kutumika siku litakapopokewa.