Stoo Iliyojaa Saruji Ina Sababu Zake

Ushauri wa kupunguza upotevu kwenye ujenzi, kila unapotolewa hapa kwetu, huanzia stoo. Mshauri anaingia, anaona saruji imepangwa mpaka karibu na bati, nondo zimelala uani zinashika kutu, kokoto zimeziba njia, naye anatoa hukumu palepale: hela imelala, punguzeni akiba, agizeni mzigo siku mnayouhitaji kama wanavyofanya Toyota. Naupinga ushauri huo. Kanuni zenyewe hazina ubaya, naziamini kuliko wengi wanaozihubiri. Kosa ni kuanzia mwisho.

Upotevu upo, tena mkubwa. Saruji iliyokaa stoo miezi kadhaa kwenye unyevu wa pwani hushuka nguvu, na mifuko ya chini kabisa hugeuka mawe. Tofali zikishushwa mbali na ukuta, saidia fundi atazihamisha mara ya pili na ya tatu, na kila mara kadhaa zitavunjika. Kinachoniuma zaidi ni nondo, kwa sababu hasara yake huanzia kwenye karatasi. Nondo ya kawaida ina urefu wa mita 12. Mchoro ukitaka vipande vya mita 4.5, kila nondo inatoa viwili na kubakiza mita 3, yaani robo nzima ya chuma ulicholipia. Laiti mhandisi na fundi nondo wangekaa pamoja kabla ya oda kutoka, vile vipande vya mita 3 vingepangiwa kazi kwenye ngazi au kwenye vizingiti. Kwa kuwa hawakai, vinaishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa bei ya chakavu.

Mtafiti Mfini Lauri Koskela alilieleza jambo hili mwaka 1992, kwenye ripoti aliyoiandika akiwa Chuo Kikuu cha Stanford. Alisema wajenzi huitazama kazi kama mageuzi matupu: saruji, mchanga na kokoto vinakuwa zege, zege linakuwa nguzo. Wasichohesabu ni muda ambao mali na watu wanangoja, wanahamishwa, wanakaguliwa au wanarudia kazi. Ni kweli kabisa. Mchanganuo wa gharama hauna mstari wa kungoja. Mafundi waliokaa kivulini tangu asubuhi kwa sababu tipa la kokoto kutoka Lugoba halijafika hawaandikwi popote, lakini mwisho wa wiki wanadai chao, na ni haki yao.

Sasa jiulize kwa nini fomeni mwenye akili timamu anajaza stoo. Anajaza kwa sababu ameshaangushwa. Aliambiwa mzigo utafika Jumatatu, ukafika Alhamisi. Aliambiwa mchoro wa orofa ya pili uko tayari, ukaja na marekebisho. Akiba ile ndiyo kinga yake dhidi ya ahadi za wengine, na ukimnyang'anya kabla ya kuzitengeneza ahadi, umemwacha uchi. Glenn Ballard, aliyeanzisha taasisi ya ujenzi wa kupunguza upotevu (Lean Construction Institute) Marekani pamoja na Greg Howell mwaka 1997, alipima miradi na kukuta kwamba takriban nusu tu ya kazi zilizopangwa kufanyika ndani ya wiki ndizo zilikamilika wiki hiyo. Hiyo ni Marekani, kwenye barabara nzuri na umeme usiokatika! Dawa yake haikuanzia ghalani. Aliwaleta mezani wale wanaoifanya kazi yenyewe, kila mmoja aahidi kile tu anachoweza kukitimiza wiki ijayo, na ahadi isiyotimia itafutiwe chanzo bila kumtafuta wa kumfukuza.

Na hao Toyota wanaotajwa kila mara, tuwasome vizuri. Tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin mjini Kariya kiliungua. Ndicho kilichokuwa kikitengeneza karibu valvu zote za breki za magari ya Toyota, na Toyota ilikuwa na akiba ya saa chache tu. Viwanda vyake vya Japani vilisimama. Kilichoiokoa ni kwamba makampuni mengi, mengine hayajawahi kutengeneza valvu maishani mwao, yaligawana kazi na mashine kabla hata ya kukubaliana bei, na baada ya siku chache magari yalianza tena kutoka. Akiba ndogo iliwezekana kwa sababu nyuma yake palikuwa na miaka mingi ya kulipana na kuaminiana. Tena baada ya tetemeko la Japani la 2011, Toyota hiyohiyo iliwataka wauzaji wake waweke akiba ya miezi ya vipuri vya elektroniki. Pale hatari ilipokuwa kubwa, waliijaza stoo, na hawakuona aibu.

Kwenye ujenzi, mfano ninaoupenda ni jengo la tano la abiria la uwanja wa ndege wa Heathrow, London, lililofunguliwa mwaka 2008. Saiti ilibanwa na uwanja unaofanya kazi, nafasi ya kuweka mali ilikuwa finyu, kwa hiyo vifaa vilikusanywa kwenye kituo cha jirani cha Colnbrook, nondo zikafungwa huko, vikaingizwa kadiri kazi inavyovihitaji. Watu husifu kituo hicho wakasahau mkataba. Mshitiri, yaani mwenye mradi anayelipa, ambaye hapa ni kampuni ya BAA iliyokuwa ikimiliki uwanja huo, alikubali kubeba mwenyewe hatari kubwa za mradi na kuwalipa wajenzi gharama zao halisi pamoja na faida. Yeye ndiye aliyetangulia kujifunga.

Kwetu mshitiri hutangulia kuchelewa. Hati ya malipo inasainiwa, inazunguka ofisi hadi ofisi, na mkandarasi mdogo anabaki kukopa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka naye si mjinga, anaweka gharama ya mkopo ndani ya bei ya mfuko. Siku hela ikiingia, mkandarasi ananunua saruji ya miezi kwa mpigo mmoja, maana hajui hela ataiona tena lini. Hapo ndipo stoo inapojaa. Mshauri akija wiki hiyo na kalamu yake, ataandika kwamba stoo haisimamiwi vizuri, wakati chanzo kiko kwenye meza ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga saiti.

Yapo tunayoweza kuyafanya bila kumngoja mshitiri. Muuzaji wa kokoto na mwenye matipa waitwe kwenye kikao cha wiki, waione ratiba, waseme lini masika yatawakwamisha machimboni. Ofisa manunuzi asipimwe kwa bei ya mfuko getini, apimwe kwa gharama ya mfuko huo ukiwa umeshaingia ukutani. Kinachonichukiza ni ile janja ya mkandarasi mkubwa kumsukumia muuzaji akiba yake yote, amlipe baada ya miezi mitatu, halafu ajitangaze kuwa ameondoa upotevu. Amemhamishia tu mtu dhaifu zaidi.

Lakini bila malipo ya wakati hatutafika mbali. Mkataba wa kitabu chekundu wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, toleo la 1999, unampa mshitiri siku 56 kulipa tangu mhandisi apokee madai, na akichelewa mkandarasi ana haki ya fidia ya gharama za fedha. Haki hiyo ipo, ila wanaoidai ni wachache, kwa hofu ya kukosa zabuni inayofuata. Vyama vya makandarasi viidai kwa niaba ya wanachama wote, hati kwa hati, ili asiwepo mmoja wa kuadhibiwa, na kila mwaka vichapishe majina ya taasisi zinazolipa kwa wakati na zile zisizolipa.