Dawa ya Meno Ikae Bafuni

Imerudi tena. Ile video ya mtu anayekamua dawa ya meno juu ya skrini ya kamera, anasugua kwa kidole, anafuta kwa kitambaa chenye maji, kisha anaielekeza kwenye taa huku akishangilia: mikwaruzo kwisha! Tazameni vizuri. Video inakatwa skrini ikiwa bado mbichi, na hapo ndipo penye ujanja wote. Maji yakiingia kwenye mkwaruzo mwembamba yanaujaza, mwanga unapita bila kutawanyika, jicho halioni kitu. Subiri ikauke uone. Mikwaruzo yote inarudi, safari hii imekuja na ukungu ambao hukuwa nao.

Kinachoudhi ni kwamba watu wanasoma maoni mawili matatu ya kusifia, wanakimbilia bafuni, wanarudi na kamera iliyo hovyo kuliko ilivyokuwa. Jamani, juu kabisa ya skrini nyingi za kamera kuna utando mwembamba mno wa kupunguza mng'ao, ule unaotoa rangi ya zambarau au kijani ukiinamisha kamera kwenye mwanga. Dawa ya meno ina chembe za silika au chokaa, zimewekwa humo makusudi zikwangue uchafu kwenye jino, na jino ni gumu kuliko plastiki yoyote ya skrini. Chembe hizo zinaanza kuutafuna utando, tena kwa mabaka, kwa sababu kidole hakisugui sawasawa. Ukitoka juani unaona uso wako mwenyewe badala ya picha. Na lile povu? Limeshaingia kwenye upenyo kati ya skrini na fremu, limeshapita chini ya vitufe, linakaukia humo. Baada ya wiki kitufe kinakwama na mwenye kamera analaumu kiwanda.

Haya, nikubali kidogo, maana najua mtaniletea habari za CD zilizosuguliwa kwa dawa ya meno zikacheza tena. Kwenye plastiki tupu isiyo na utando, dawa nyeupe ya kawaida hupunguza mikwaruzo hafifu. CD ilipona kwa sababu uso wake ni plastiki na msomaji wake ni mwale wa leza, hauna macho ya kulalamikia ukungu. Skrini unaitazama wewe.

Kabla ya kusugua chochote, hakikisha ni mkwaruzo kweli. Kamera kibao zinatembea na karatasi ya nailoni ya kiwandani ambayo haijawahi kubanduliwa: kwaruza pembeni kwa ukucha, ukingo ukiinuka, ivute, shida imekwisha. Madoa yenye mipaka kama ramani ni utando unaobanduka, na hakuna polishi inayourudisha. Mkwaruzo wenyewe upitishie ukucha kwa kuukatiza. Ukucha ukiteleza, ni wa juujuu. Ukinasa, ni wa kina.

Kisha ujue unashughulika na kioo au plastiki. Kamera ndogo nyingi za miaka ya 2000 zina plastiki. Nyingi za baadaye, hasa za kugusa, zina kioo kigumu. Kama ni kioo, weka polishi chini. Kuna unga wa oksidi ya seriamu unaosugua kioo, lakini ni kazi ya saa nyingi yenye maji na joto, na mwisho wake kioo kinapata bonde linalopinda picha.

Plastiki ndiyo inayotibika, na hapa dawa ya moto kweli ni moto: unafuta mkwaruzo mkubwa kwa mikwaruzo midogo isiyoonekana. Toa betri na kadi. Puliza vumbi kwa pampu ya mpira kwanza, maana ukifuta kavu unasugua mchanga. Ziba kingo zote na vitufe kwa utepe wa karatasi. Polishi ya plastiki, kiasi cha punje ya mchele, iweke kwenye kitambaa cha maikrofaiba, si kwenye skrini. Zungusha kwa mkono mwepesi dakika moja au mbili, futa, acha ikauke, ndipo utazame kwa taa ya pembeni. Rudia mara tatu au nne, basi. Ukibonyeza kwa nguvu, LCD iliyo chini, yaani sehemu yenyewe inayoonyesha picha, inapata doa jeusi ambalo halitoki. Wanaotaka kufuta mkwaruzo wa kina watumie msasa wa maji, namba 2000 kisha 3000, wa kwanza ukienda kulia na kushoto, wa pili juu na chini, ili waone mistari ya kwanza inapoisha. Na wasugue skrini nzima. Ukichimba sehemu moja unatengeneza lenzi ndogo katikati, kila picha inaonekana imevimba.

Spiriti na dawa ya madirisha yenye amonia, hapana. Zinaweza kuipa plastiki nyufa kama za udongo mkavu.

Kwenye kamera nyingi kifuniko cha nje cha skrini kimeshikwa na gundi ya pande mbili tu: pasha kingo kwa kikausha nywele hadi gundi ilegee, inua kwa kadi ya plastiki, bandika kipya. Kama lazima ufungue mwili wa kamera yenye flashi, mpe fundi. Kapasita yake, kile kifaa kinachohifadhi umeme wa flashi, hubaki na volti kama 300 hata betri ikiwa mezani.

Ila nitakachokifanya kwa mikwaruzo myembamba, kioo au plastiki, ni kubandika kioo cha kinga kilichokatwa kwa ajili ya modeli hiyohiyo. Gundi yake inajaza mikwaruzo kama yale maji ya kwenye video, tofauti ni kwamba gundi haikauki ikaondoka. Dakika tatu, hakuna povu. Mkwaruzo wa kina utabaki kuonekana, na uonekane tu, maana mkwaruzo wa skrini hauingii kwenye picha hata moja.

Na anayefikiria kuihamishia ile dawa ya meno kwenye lenzi ya mbele, naomba aiweke kamera mezani taratibu, atoke chumbani.