Waya wa sikio umeletwa na posta, hasira zimenipanda

Jana posta wametumbukiza bahasha mlangoni: waya mpya wa kifaa cha kusikia cha binti yangu, kile kinachopandikizwa sikioni kwa upasuaji, nasi tunaishi Uingereza. Ule wa zamani ulikatika juzi, nikapiga simu kliniki, wakauliza jina na tarehe ya kuzaliwa, basi. Hakuna risiti, hakuna "njoo kesho na barua". Nikafurahi, kisha hasira zikanipanda, maana nina mpwa Dar.

Naye kapandikizwa kifaa hicho hicho. Sehemu yake ya nje, inayovaliwa sikioni, imefungwa kwenye kitambaa, iko kabatini, kwa sababu ya waya kama huu huu. Dada aliuliza bima yake, akaambiwa waya haumo kwenye kitita, ile orodha ya vitu bima inavyolipia. Unaagizwa nje, kwa dola. Mtoto alishaanza kuitika jina lake. Sasa amerudi kutazama midomo.

Najua mtakachosema: kaonja Uingereza, anatudharau. Sidharau! Muhimbili walipoanza upasuaji huu mwaka 2017 nilitembea kifua mbele. Kabla ya hapo ilikuwa India, tena kwa wachache. Madaktari wetu wanaweza. Kinachonichoma ni kwamba siku ya kuwasha kifaa tunapiga picha, kamera zikiondoka familia inabaki na mzigo wake. Hili si jino, ukishang'oa umemaliza. Kuna betri, waya, koili (kile kiduara kinachonata kichwani), kurudi kliniki kurekebishiwa sauti, na mtaalamu wa kumzoeza mtoto kusikia na kutamka, miaka na miaka.

Na wewe unayesema huku ni bure: si bure jamani. Kwenye viza tu mtu mzima anatozwa pauni 1,035 za afya kwa kila mwaka, halafu kodi inakatwa kwenye mshahara. Foleni zipo, za kuudhi kweli. Ila tangu 2009 mwongozo wa huduma yao ya afya unataka mtoto mwenye uziwi mkubwa, asiyesaidiwa na mashine za kawaida za kusikia, apandikizwe masikio yote mawili, na vipuri vinabaki juu ya kliniki.

"Bajeti yetu ndogo." Tumelipa mamilioni ya upasuaji, tushindwe waya? Sheria ya bima ya afya kwa wote Bunge lilishaipitisha 2023. Waya, koili na betri viandikwe kwenye kitita kwa majina yake, na mzazi aoneshwe karatasi hiyo kabla mtoto hajaingia chumba cha upasuaji. Anayeniambia nije nidai mwenyewe, ajue nimeshamwandikia mbunge wetu. Dada anaipeleka barua kwa mkono Jumatatu.